Amana Iliyo Tumboni

Hotuba juu ya shinikizo la damu la wajawazito na uzito wa watoto, iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Bulembia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Sifa zote njema zamstahiki Mola aliyemuumba mwanadamu kwa tone dogo, kisha akamlea katika giza la tumbo siku baada ya siku, hali mama mwenyewe hajui kinachotendeka ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wakubwa wa jumuiya yetu wamenitaka niseme maneno machache katika siku hii ya ukumbusho. Habari za wazee wetu waliotangulia zitasemwa na wengine, nao watazisema vizuri kuliko mimi: jinsi reli ilivyofika Kasese mwaka 1956, jinsi shaba ya Kilembe ilivyoanza kutolewa mwaka ule ule, jinsi watu wa makabila mengi walivyokusanyika katika bonde hili kutafuta riziki, na jinsi machimbo yalivyofungwa mwaka 1982 na watu wakabaki na Mola wao na jembe lao. Mimi nimependa kusema juu ya wale ambao bado hawajaja duniani. Jumuiya hujivunia wazee wake, lakini hudumu kwa watoto wake.

Jambo lenyewe ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha, linapompata mwanamke mwenye mimba, na namna linavyompunguzia mtoto uzito wake. Najua wako watakaojiuliza: Sheikh na mambo ya wakunga, wapi na wapi? Jawabu langu ni hili. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na ya skuli ya msingi. Niyasemayo juu ya mwili nimeyauliza kwa wenye kuyajua na kuyasoma. Niyasemayo juu ya dini ndiyo kazi yangu. Lakini mambo haya mawili hukutana mlangoni pa sheikh. Mwanamke akianguka kifafa, mara nyingi huletwa kwa sheikh kabla hajapelekwa hospitali. Ramadhani ikikaribia, mwenye mimba huja kumwuliza sheikh kama afunge, wala hamwulizi daktari. Basi nikinyamaza, ukimya wangu nao utakuwa fatwa.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Moyo husukuma damu katika mishipa, na nguvu ya damu ile juu ya kuta za mishipa ndiyo shinikizo. Hupimwa kwa namba mbili: ya juu ni wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni wakati unapolegea. Mwenye mimba akipimwa, kisha akapimwa tena baada ya saa kadhaa, na mara zote mbili ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni hatari ya saa ile ile, si ya kungojea kesho. Wako wanawake waliokuwa nayo kabla ya mimba. Wako wengine ambao hawakuwa nayo kamwe, nayo ikawajia baada ya wiki 20 za mimba. Ikiwa pamoja na presha hiyo protini yaonekana katika mkojo, au figo, ini au ubongo vimeanza kudhurika, hapo pana ugonjwa mkubwa ambao mwisho wake, usipotibiwa, waweza kuwa kifafa cha mimba, na baada ya kifafa mauti. Katika kila wajawazito 100 duniani, wawili hadi wanane hupatwa na ugonjwa huo. Si jambo la nadra. Katika mtaa wowote wenye wanawake wa kuzaa, wako waliokwisha kuupata.

Sasa, presha ya mama yamdhuru mtoto kwa njia gani? Mtoto tumboni hali kwa kinywa wala havuti pumzi kwa mapafu. Chakula chake chote na hewa yake yote humjia kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma, ambalo wengi huliona baada ya kuzaa na kulizika bila kufikiri kazi liliyoifanya. Mimba inapoanza, mishipa midogo ya mfuko wa uzazi hutakiwa ipanuke sana, ipate kumimina damu polepole na kwa wingi katika kondo hilo. Kwa wanawake wengine mishipa ile haipanuki ipasavyo, hubaki myembamba. Kondo likikosa damu ya kutosha hutoa vitu vyenye kuidhuru mishipa ya mwili mzima wa mama, na presha ikapanda.

Mtu aweza kushangaa: damu inakwenda kwa nguvu nyingi, basi vipi mtoto akose? Ndugu zangu, hakuna watu wanaopaswa kulifahamu jambo hili kuliko sisi tunaokaa kando ya mto Nyamwamba. Tuliuona mto ule mwezi wa Mei 2013, na tukauona tena mwezi wa Mei 2020. Maji yalikuja na mawe na miti, kwa nguvu isiyozuilika. Je, yalimwagilia shamba la nani? Maji ya kumwagilia shamba ni yale yapitayo polepole katika mfereji mpana. Ndivyo ilivyo damu. Nguvu nyingi katika mishipa iliyokazana haimlishi mtoto. Humwacha na njaa ndani ya tumbo la mama aliyeshiba.

Kwa sababu hiyo mtoto huzaliwa na uzito pungufu. Madaktari husema mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2500, yaani kilo mbili na nusu, ni mwenye uzito mdogo. Mwaka 2020, katika kila watoto saba waliozaliwa duniani, mmoja alikuwa chini ya kipimo hicho. Sababu za uzito mdogo ni nyingi, miongoni mwao malaria, upungufu wa damu, na lishe mbaya, lakini presha ni mojawapo ya zilizo kubwa, nayo huleta madhara kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hiyo niliyoieleza: mtoto hukaa miezi yake yote, lakini hukua kwa shida. Njia ya pili ni kuzaliwa kabla ya wiki 37. Hapa nataka kusahihisha neno linalosemwa mitaani. Husemwa: hospitali wamemtoa mtoto wa watu kabla ya wakati. Ndugu zangu, ugonjwa huu hauna dawa ya kuung'oa isipokuwa kumzalisha mama, kwa kuwa shina lake ni kondo lenyewe. Vidonge huishusha presha na kununua siku chache au majuma machache, haviondoi ugonjwa. Daktari anapoamua mtoto atoke akiwa wa miezi minane au saba, amepima mizani mbili: kubaki ndani kwa hatari ya kufa wote wawili, au kutoka nje akiwa mdogo na mama akawa hai. Kuchagua dhara lililo jepesi ili kuepuka lililo zito ni kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi.

Mtoto aliyezaliwa mdogo hupoteza joto upesi, huchoka anaponyonya, maradhi humshika kwa urahisi, na mapafu yake huenda yasiwe tayari. Wala athari haiishii utotoni. Palikuwa na daktari Mwingereza, David Barker, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa hapa Uganda, Makerere, akichunguza vidonda vya Buruli. Baadaye, kwao Uingereza, alipata vitabu vya zamani vya wakunga wa wilaya ya Hertfordshire, walioandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa tangu mwaka 1911. Akawafuatilia maelfu ya watu wale waliokuwa wamekwisha kuwa wazee, na mwaka 1989 akatangaza aliyoyaona: wanaume waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo yumo katika hatari zaidi ya kupata presha na kisukari ukubwani. Basi presha ya mama ya leo yaweza kuwa urithi wa mtoto baada ya miaka hamsini. Tena tazameni faida ya kalamu: mkunga aliyeandika namba katika daftari hakujua kwamba ataufundisha ulimwengu. Nanyi mama zetu, kadi ya kliniki si karatasi ya kufungia chumvi ya Katwe. Ihifadhini.

Ni nani walio katika hatari zaidi? Ni msichana mwenye mimba ya kwanza; mwanamke aliyepita miaka 35; mwenye mimba ya mapacha; aliyepata presha katika mimba iliyopita; mwenye presha ya siku zote, kisukari au ugonjwa wa figo; mwenye mwili mnene kupita kiasi; na ambaye mama yake au dada yake alipatwa. Lakini aweza kupatwa hata asiye na moja katika haya.

Dalili zake ni kichwa kuuma sana kusikotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafula, na pumzi kuwa fupi. Hata hivyo, fahamuni vema: presha yaweza kupanda sana na mwanamke asisikie neno lolote. Huinuka asubuhi akapika, akaenda shamba, akacheka na wenzake, na ugonjwa uko ndani. Hakuna jicho la mkwe wala mkono wa bibi uwezao kuutambua. Hutambuliwa kwa kipimo cha mkononi na kipimo cha mkojo, basi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri mwenye mimba aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Wengi wetu huwapeleka wake zetu mara ya kwanza tumbo likiwa limekwisha kuonekana na kila mtu, ati ni aibu kutangaza mapema. Kupimwa si kutangaza. Mkunga hutunza siri.

Sasa niingie katika yale yaliyo juu ya shingo yangu.

La kwanza ni habari ya majini. Mwanamke mwenye mimba akianguka, akakakamaa, akatoa povu, akauma ulimi, watu husema: amepandwa. Sikatai kuwapo kwa majini. Kuwaamini ni katika mafundisho ya Kurani. Lakini kila aanguakaye si mwenye jini, na kifafa cha mwenye mimba kina sababu yake iliyo wazi na dawa yake iliyo wazi. Nimepata kushuhudia mwanamke, mumewe akiwa safarini Katwe kwa biashara ya chumvi, aliyelalamika kichwa kwa siku tatu. Jamaa wakasema tumngoje mwenye mke arudi. Usiku wa tatu akaanguka, wakamleta niwasomee. Nikawaambia: dua nitaisoma nanyi mkiwa njiani, mpandisheni garini. Alifika akiwa hajitambui, akachomwa sindano, akazalishwa usiku ule. Mtoto alikuwa wa kilo moja na gramu mia saba. Wote wawili wako hai, kwa fadhila ya Mola. Lakini zile siku tatu zilikuwa si za kungojea ruhusa ya mtu.

Sindano hiyo ni ya magneziamu salfeti, chumvi nyeupe ya bei ndogo. Mwaka 2002 yalitangazwa majibu ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba. Ikaonekana kwamba dawa hii yapunguza kwa nusu hatari ya kuanguka kifafa. Basi nasema mbele yenu wote, ili pasiwe na udhuru: mwenye mimba, au aliyezaa karibuni, akianguka kifafa, msimlete kwangu. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kitu kinywani, mpelekeni hospitali. Kisomo husomwa popote, hata nyuma ya gari. Na nimesema aliyezaa karibuni kwa makusudi, kwa maana kifafa chaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, hasa katika siku mbili za kwanza, na hatari haiishi mpaka majuma sita, yaani karibu na kwisha kwa siku arubaini za nifasi.

La pili ni saumu. Mwenyezi Mungu ameufaradhisha mwezi wa Ramadhani, na katika aya zile zile akawapunguzia wagonjwa na wasafiri, akaeleza kwamba anatutakia wepesi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema: mwenye mimba akiogopa dhara juu ya nafsi yake, au juu ya nafsi yake na mtoto, hufungua, na juu yake ni kulipa siku hizo baadaye. Akiogopa juu ya mtoto peke yake, hufungua, hulipa, na hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mwenye presha ya mimba anayo hofu ya kweli: dawa zake hunywewa mara mbili au tatu kwa siku, na kuziacha tangu alfajiri hadi magharibi ni kuuacha mlango wazi usiku wa wezi. Iwapo kujiangamiza kumeharimishwa, basi huyu kufungua kwake ni utii, si upungufu wa imani. Mama mkwe asimnunie. Majirani wasimsute. Naye asifunge kwa siri akidhani anajiongezea thawabu. Mtoto hana mahali pengine pa kula.

La tatu ni tawakali. Husemwa: ikiwa ameandikiwa kuishi ataishi. Kweli, wala hapana ashindanaye na kadari. Lakini yule aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache akitegemea Mungu, aliamriwa afanye yote mawili. Kupimwa presha ni kumfunga ngamia. Na Mtume ametufundisha tujitibu, kwa kuwa aliyeshusha maradhi ameshusha na dawa.

La nne ni stara. Wako waume wanaosema: mke wangu hataguswa na daktari mwanamume. Stara ni jambo tukufu, na akipatikana daktari mwanamke yeye ndiye atangulizwe. Asipopatikana, dharura huhalalisha kilichozuiwa, kwa kadiri ya haja yake. Hili halina hitilafu kubwa baina ya wanavyuoni. Mwanamume amwachaye mkewe afe ili asionwe, atakutana na Mola wake na damu mbili shingoni.

Sasa niseme habari ya tiba na kinga, mpate kujua kwamba tumaini liko. Mwanamke aliye katika hatari kubwa, daktari aweza kumpa aspirini kidogo, miligramu 75 kila siku, tangu baada ya wiki 12 na kabla ya wiki 20. Imethibiti kwamba yapunguza ugonjwa huu. Asijinunulie dukani kwa kukisia, aandikiwe. Mahali ambapo chakula kina upungufu wa kalsiamu, nyongeza ya kalsiamu nayo yasaidia. Vyakula vyetu vyenye kalsiamu ni maziwa, dagaa waliwao pamoja na mifupa, na mboga za majani. Bundu la muhogo peke yake halitoshi. Litiliwe maharage, samaki wa Ziwa George na mboga. Presha ikipanda, ziko dawa zisizomdhuru mtoto, kama methildopa na nifedipini. Ziko dawa nyingine za presha ambazo humdhuru. Kwa hiyo mwenye presha ya siku zote akishika mimba aende upesi abadilishiwe dawa, wala asikope vidonge vya jirani. Na mitishamba iliyokandwa kwa udongo ambayo wanawake wengi wa Uganda huitumia wakati wa mimba, isitumiwe kwa siri: mkunga aambiwe kila kinywewacho.

Tusidhani kwamba elimu hii yatoka ng'ambo tu. Makerere yupo Profesa Annettee Nakimuli, bingwa wa magonjwa ya wanawake, ambaye pamoja na wenzake wa Cambridge aliwachunguza wanawake wanaozalia Mulago, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba kuna sehemu ya nasaba iliyomo katika damu ya Waafrika ambayo humkinga mwanamke na ugonjwa huu. Binti zetu walioko skulini na wasikie: mlango huo uko wazi hata kwa mtoto wa Bulembia.

Na nchi yetu imepiga hatua. Katika uchunguzi wa mwaka 2016 walihesabiwa wanawake 336 waliokufa kwa uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 189. Hatua ni kubwa, lakini 189 ni jeneza 189.

Mtoto akizaliwa mdogo, msikate tamaa. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey, akiwa hana mashine za joto za kutosha, aliwafunga watoto vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitangazwa majibu ya jaribio lililofanywa katika nchi tano, mojawapo Tanzania: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko wale waliongojea kwanza hali yao itulie. Kifua cha mama hakihitaji umeme. Na mama akichoka, baba naye ana kifua. Si aibu kwa mwanamume kumbeba mwanawe hivyo. Aibu ni kumwacha apoe.

Kuhusu sunna za mtoto mchanga: adhana aadhiniwe, hilo halimdhuru. Lakini mtoto mdogo asiogeshwe siku ya kwanza. Ikiwa hawezi kunyonya vizuri, asitiwe tende wala asali kinywani; tahniki ni sunna, na uhai wake ni wajibu. Akika siku ya saba, ikiwa mtoto yungali hospitali, yaweza kuahirishwa. Katika madhehebu yetu wakati wake ni mpana mpaka kubaleghe. Na kichwa chake kifunikwe kwa kofia kabla ya kufikiri kukinyoa.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Sasa niombe machache. Sisi wa Bulembia tuna shida yetu peke yetu. Hospitali ya Kilembe, waliyozaliwa wengi wenu mlioketi hapa, ilivamiwa na mto mwaka 2013, na mwaka 2020 ikaharibiwa vibaya hata wagonjwa wakahamishwa. Mwanamke wa juu bondeni akipatwa usiku wa mvua, njia ni mbaya na bodaboda hutaka fedha taslimu. Ndugu zetu wa Bwera wanayo hospitali ya serikali karibu na mpaka wa Mpondwe, lakini hata wao walioko milimani huteremka kwa taabu. Serikali iliondoa malipo katika hospitali zake mwaka 2001; lakini nauli haikuondolewa na mtu.

Basi nashauri mambo matatu. Moja: jumuiya yetu iweke mfuko wa nauli ya wajawazito, utolewe sadaka kila Ijumaa, ukae kwa mtu aliye karibu na msikiti, na utolewe usiku wa manane bila mkutano wala barua. Asiulizwe mwenye kuhitaji dini yake. Jirani ni jirani. Mbili: tununue kipimo kimoja cha presha, kizuri, kikae mikononi mwa mmoja wa binti zetu waliosomea uuguzi, naye awapime wanawake kila Jumamosi madrasani baada ya darsa. Si badala ya kliniki. Ni kengele ya kuwapeleka kliniki. Tatu, nalo halina gharama: kila mume mwenye mke mjamzito atoe ruhusa leo, mbele ya mashahidi wawili, kwamba mkewe akipatwa na neno apelekwe hospitali papo hapo, yeye awepo au asiwepo. Ruhusa ya mapema huokoa siku tatu za kungojea.

Katika Sura Luqman Mola wetu ametukumbusha mama aliyetubeba kwa udhaifu ulioongezeka juu ya udhaifu, akaiunganisha shukrani yake na shukrani ya wazazi. Kila mmoja wetu hapa, sheikh na mwanafunzi, tajiri na mchimbaji, alikuwa mzigo wa mwanamke aliyekuwa akichoka. Deni lile haliwezi kulipwa kwa waliokufa. Laweza kulipwa kwa hawa walio hai, wanaopanda mlima wa Bulembia leo na amana tumboni.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wajawazito wetu, awalinde watoto wao, wakubwa na wadogo, awape shifaa wagonjwa, awarehemu waliokufa katika uzazi, ambao Mtume amewahesabu miongoni mwa mashahidi, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.